Baridi, Yabisi na Gegedu: Lugha Yetu Mbele ya Viungo Vinavyozeeka

Utangulizi

Maradhi ya viungo yana jina kongwe katika Kiswahili: baridi yabisi. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza halihitaji ufafanuzi. La pili lina maana ya kitu kikavu kilicho kigumu, na wenzetu wa sayansi wamelichukua kutajia maada ambayo si kioevu wala si gesi. Kwa hivyo, tukiyafuata maneno yenyewe, anayeugua baridi yabisi ni mtu ambaye mwili wake umeingiwa na ubaridi na ukavu.

Jina hili halikuzuka hivi hivi. Matabibu wa Kiyunani wa kale, Galen akiwa mashuhuri miongoni mwao, waliueleza mwili kwa sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Elimu hiyo ilitafsiriwa kwa Kiarabu, kisha ikapangwa upya na Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, katika kitabu chake kikuu cha tiba. Humo kijana anaelezwa kuwa na maumbile ya joto, ilhali mzee ana maumbile ya baridi na ukavu. Ni vigumu kulisoma jina baridi yabisi bila kuisikia sauti ya mafundisho hayo. Mswahili anapoutaja ugonjwa wa magoti ya nyanya yake, anatamka nadharia nzima ya tiba ambayo huenda hajapata kuisoma.

Nadharia hiyo ingali hai. Si ajabu hata leo kumsikia mtu wa makamo akilalamika kwamba "maji ya magoti yamekwisha" au kwamba "mafuta yamekauka". Picha ni ile ile ya ukavu. Kilichobadilika ni kwamba mwili sasa unafananishwa na gari. Makala hii inanuia kuichunguza picha hiyo kwa kuilinganisha na yale ambayo biolojia imeyabaini kuhusu gegedu la viungo na mabadiliko yake umri unaposonga. Msimamo wetu ni kwamba picha ya ukavu, kwa sehemu kubwa, inapotosha. Tena haipotoshi wanaistilahi peke yao, maana mtu hutenda kulingana na picha aliyo nayo akilini. Aliyeaminishwa kwamba mafuta ya mtambo yamekwisha huuzima mtambo. Tutaona kwamba kwa goti, ushauri huo una madhara.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini magotini pa watu. Jibu letu ni fupi: anatafuta sitiari. Zipo nyingi huko, na baadhi yake zinaumiza.

Gegedu ni kitu gani?

Neno gegedu limo katika kamusi zetu, lakini wengi wa wazungumzaji hawalitumii, na baadhi hawalijui. Kitu chenyewe wanakijua. Yeyote aliyekula paja la kuku amekiona kile kifuniko cheupe kinachong'aa, chenye weupe unaoelekea samawati, kilichovishwa kwenye ncha ya mfupa. Kwa meno huvunjika kwa mlio mdogo. Hilo ndilo gegedu la kiungo, nasi pia tunalo gotini, nyongani, begani na katika vifundo vya vidole. Yapo magegedu ya aina nyingine, kama lile la sikio linalokunjika na kurudi, na lile lenye nyuzi nyingi lililomo katika visahani vya uti wa mgongo. Hayo tutayaacha kando.

Gegedu la kiungo ni jembamba. Katika viungo vingi vya mwanadamu unene wake ni kati ya milimita 1 na 4, ingawa chini ya kilegesambwa, yaani pia ya goti, huwa nene zaidi. Ukilipima uzito, baina ya asilimia 65 na 80 ni maji. Hapa msomaji aanze kushuku ile habari ya yabisi. Mengi yaliyosalia ni kolajeni, protini ya nyuzinyuzi ambayo jina lake limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gundi, kwa kuwa zamani gundi ilipikwa kutokana na ngozi na mifupa. Pamoja na molekuli kubwa za protini na sukari, ambazo iliyo kuu kati yake huitwa agrekani. Seli hai ni chache mno. Zinachukua takriban sehemu 2 tu kwa 100 za ujazo wa gegedu, kila moja imekaa peke yake katika kijumba chake, haigusani na jirani.

Namna vitu hivi vinavyoshirikiana inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwani ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata. Molekuli ya agrekani ina umbo kama la brashi ya kuoshea chupa: uti mmoja katikati, na nywele nyingi pande zote. Nywele hizo ni minyororo ya sukari iliyojaa chaji hasi. Kwa kuwa chaji za namna moja husukumana, nywele husimama na kutanuka. Kwa kuwa chaji hasi huvuta chaji chanya, chembe za sodiamu hukusanyika hapo, nazo maji huzifuata. Agrekani ikiachwa huru ndani ya maji ingevimba na kuwa kubwa mara nyingi kuliko ilivyo ndani ya gegedu. Haivimbi hivyo kwa sababu imezingirwa na wavu wa kolajeni. Maji yanasukuma nje, wavu unavuta ndani.

Mfano wa karibu ni mpira wa kandanda uliojazwa upepo. Ugumu wake hautokani na ngozi peke yake wala na upepo peke yake. Unatokana na ugomvi wa vitu hivyo viwili. Mtu akikanyaga chini, uzito unaopita gotini hufikia mara mbili au tatu ya uzito wa mwili wake, na sehemu kubwa ya mzigo huo katika nukta ya kwanza hubebwa na maji yaliyonaswa, ambayo hayana njia ya kukimbia upesi. Nyuzi za wavu nazo zimepangwa kwa hekima: karibu na uso wa gegedu zimelala sambamba na uso, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyosimama wima hadi zikazama katika tabaka gumu lililoshikana na mfupa. Mjerumani Alfred Benninghoff alizieleza mwaka wa 1925 kwa picha ya matao, kama yale yanayobeba paa la jumba la kale. Uso wenyewe ni laini ajabu. Msuguano baina ya magegedu mawili yenye afya ni mdogo kuliko msuguano wa barafu juu ya barafu.

Tishu isiyo na damu

Gegedu halina mishipa ya damu. Halina neva. Katika mwili ambao takriban kila pembe yake hufikiwa na damu, hii ni hali ya kipekee, nayo ina matokeo yanayopaswa kukumbukwa.

Kwanza, gegedu haliumi. Mtu anaweza kupoteza sehemu ya gegedu lake bila kuhisi lolote, na maumivu yanapokuja hutoka kwa majirani: utando unaozunguka kiungo, mfupa ulio chini, kano na misuli. Pili, gegedu halijui kupona kama ngozi inavyopona. Jeraha la ngozi huletewa na damu kila linachohitaji. Jeraha la gegedu halina wa kuliletea. Daktari wa Kiskoti William Hunter alilieleza jambo hili mwaka wa 1743 mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London, akabainisha kwamba tangu zama za kale ilikubalika kuwa gegedu likishaharibika halirudi. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa gegedu methali hiyo ni karibu iwe kanuni ya fiziolojia. Mwaka wa 1994 madaktari wa Uswidi walichapisha matokeo ya upasuaji ambao seli za gegedu la mgonjwa huchukuliwa, zikazidishwa katika maabara na kurudishwa gotini. Upasuaji huo umeendelea kuboreshwa, lakini unafaa hasa jeraha dogo la mtu ambaye hajazeeka, si goti lililoharibika lote.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, gegedu hulishwa kwa njia ya pembeni. Chakula chake hutoka katika ute unaojaza nafasi ya kiungo. Inapendeza kwamba Kiswahili kinaweza kuutaja ute huu kwa neno lile lile tunalolitumia kwa ute wa yai. Jina la kitaalamu la Kilatini, ambalo lilibuniwa na Paracelsus katika karne ya 16, nalo huhusishwa na neno lenye maana ya yai. Watu wawili wa mbali wametazama kitu kimoja na kukifananisha na kitu kimoja, bila kuambizana.

Basi oksijeni na sukari hutoka katika damu, zikapita katika utando, zikaingia katika ute, kisha zikapenya polepole ndani ya gegedu hadi kwenye seli zake za upweke. Mwendo huisaidia safari hiyo. Kila hatua hulikamua gegedu kidogo na kila mwinuko wa mguu huliachia linywe, nao ute hukorogwa ukasambaa. Kiungo kinachotulia muda mrefu hukosa msaada huo. Vipimo vya watu waliopooza miguu vimeonyesha kwamba gegedu la magoti yao hupungua unene, ingawa halikubebeshwa mzigo wowote. Kinyume chake, gegedu la mkimbiaji hupungua kidogo mara tu baada ya mbio kwa sababu ya kukamuliwa, halafu hurejea katika unene wake baada ya mapumziko.

Katika nchi iliyolea wakimbiaji kama yetu, swali la mbio halikwepeki. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2017 ulikuta ugonjwa wa kuharibika kwa gegedu la goti na nyonga katika asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujiburudisha, asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Takwimu za namna hii zina tahadhari zake, kwa kuwa mwenye goti bovu aghalabu huacha kukimbia na hivyo kuhesabiwa upande wa pili. Hata hivyo, hazimpi nguvu anayedai kwamba kila hatua hulikwangua goti kama tindo.

Wavu uliofumwa ujanani

Mtoto mchanga ana gegedu jingi kuliko atakalokuwa nalo maishani mwake mote. Kilegesambwa chake si mfupa bado. Ni gegedu tupu, na mfupa huanza kujitokeza ndani yake kati ya miaka 3 na 6. Ncha za mifupa yake mirefu zina bamba la gegedu linalokua na kugeuka mfupa, na bamba hilo hufunga mtu anapobaleghe na kukoma kurefuka. Linalobaki ni kile kifuniko chembamba cha kwenye kiungo. Hicho ndicho atakachotembelea hadi kaburini.

Je, kifuniko hiki hujikarabati? Agrekani, ndiyo, hubadilishwa katika muda wa miaka kadhaa. Kolajeni ni habari nyingine. Mwaka wa 2000 watafiti wa Uholanzi walikadiria muda unaohitajika ili nusu ya kolajeni ya mtu ibadilishwe. Kwa ngozi walipata miaka 15. Kwa gegedu walipata miaka 117, yaani zaidi ya umri wa takriban kila mwanadamu.

Ushahidi wa ajabu zaidi ulichapishwa mwaka wa 2016 na watafiti wa Denimaki, nao ulitokana na mabomu. Kati ya miaka ya 1950 na 1963 mataifa makubwa yalilipua silaha za nyuklia angani, na milipuko hiyo ilikaribia kuongeza maradufu kiasi cha kaboni 14 katika hewa ya sehemu za kaskazini ya dunia. Baada ya mkataba wa 1963 wa kupiga marufuku majaribio ya angani, kiwango kilianza kushuka mwaka baada ya mwaka. Mimea huila hewa hiyo, wanyama huila mimea, nasi huvila vyote viwili. Kwa hivyo kila tishu ya mwili hubeba alama ya hewa ya miaka iliyojengwa. Watafiti walipolipima gegedu la goti la watu wa umri mbalimbali, walikuta kwamba kolajeni yake ilikuwa na alama ya miaka ya utotoni na ujanani mwa wenyewe. Baada ya hapo ilikuwa haijabadilika kwa kiwango cha kutajika, hata katika magoti yaliyokuwa tayari yanaugua.

Tafsiri ya hayo kwa lugha ya nyumbani ni hii: bibi wa miaka 70 anatembelea wavu uliofumwa kabla hajamaliza usichana wake. Tunapenda kusema kwamba uzee umejaa kumbukumbu. Hapa pana kumbukumbu isiyo ya sitiari.

Wavu uliokaa miaka 60 au 70 bila kufumwa upya hupatwa na mambo. Sukari iliyomo mwilini hujibandika kwenye kolajeni, ikaunda viungio vya ziada baina ya uzi na uzi. Kemia yake ni ya jamii moja na ile inayoufanya mkate uwe kahawia tanurini, ila huku hutokea kwa joto la mwili na kwa miongo. Ndiyo maana gegedu la kijana ni jeupe na la mzee huelekea rangi ya manjano. Wavu wenye viungio hivyo ni mgumu zaidi lakini pia ni mwepesi wa kukatika, kama ukili mkavu unavyovunjika mahali ambapo ukili mbichi ungepinda. Seli nazo huzeeka. Baadhi huingia katika hali ya kutogawanyika tena bila kufa, zikawa zinatoa kemikali za uvimbe na vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni na agrekani. Zilizosalia huitikia kwa uvivu homoni za ukuaji zinazoziamuru zijenge. Agrekani mpya huwa fupi, na vipande vya ile ya zamani hubaki vikichukua nafasi bila kufanya kazi. Matokeo ni kwamba gegedu la mzee asiye na ugonjwa hushika maji kidogo kuliko la kijana.

Kwa hivyo tuwe waadilifu kwa Ibn Sina na kwa nyanya zetu. Katika uzeekaji wa kawaida ukavu kidogo upo. Neno yabisi halikutungwa na wapumbavu.

Goti linaloumwa si goti lililokauka

Tatizo ni kwamba uzeekaji wa gegedu na ugonjwa wa gegedu si kitu kimoja, na katika ugonjwa mambo yanageuka. Ugonjwa tunaouzungumzia ni ule ambao waganga wa kisasa huuita osteoathritisi. Umri huufungulia mlango, lakini wako wazee wengi wasioupata, na wako vijana wanaoupata baada ya kuumia kano za goti uwanjani.

Katika hatua za mwanzo za ugonjwa huu, nyuzi za wavu zinaanza kukatika. Kumbuka ule ugomvi wa maji na wavu. Wavu ukilegea, agrekani iliyokuwa imebanwa hupata nafasi ya kutanuka, na maji huingia. Gegedu gonjwa, mwanzoni, lina maji mengi kuliko gegedu zima! Limekuwa teketeke, halisukumi tena kwa nguvu, na mzigo uliokuwa unabebwa na maji sasa unaziangukia nyuzi na seli. Baadaye agrekani nayo hupotea na uso huanza kuchanika.

Ute vilevile. Katika goti lenye ugonjwa utando wa kiungo mara nyingi huvimba na kutoa ute mwingi kuliko kawaida. Ndiyo sababu goti hufura, na wakati mwingine daktari hulazimika kuunyonya kwa sindano. Ute huo ni mwepesi, umepungukiwa na ile molekuli ndefu inayoupa utelezi. Umeharibika, lakini haujakwisha. Anayesema "maji ya goti yamekwisha" hali goti limemvimba kama embe anasema kinyume cha anachokiona. Picha imelishinda jicho, na hilo ndilo lililotuvuta sisi wa fasihi.

Kuna sitiari nyingine inayopendwa hata na waliosoma, nayo ni ya kuchakaa. Goti, tunaambiwa, huchakaa kama tairi. Lakini tairi halili. Tairi likiegeshwa gereji hudumu zaidi. Goti likiegeshwa hudhoofika pamoja na misuli inayolishikilia. Mama aliyeambiwa kwamba magoti yake yamechakaa hupunguza mwendo ili asiyamalize. Paja lake hulegea, uzito wake huongezeka, na kiungo hubeba zaidi kwa msaada mchache zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 kuhusu watu wazima wazito wenye ugonjwa wa goti ulikuta kwamba kila kilo 1 aliyopunguza mtu iliondoa takriban kilo 4 za mzigo gotini katika kila hatua. Wataalamu wa viungo leo huweka mazoezi ya kiasi na kupunguza uzito mbele ya takriban kila kitu kingine, na ushauri huo haueleweki kwa mtu anayeamini kwamba ana tairi.

Imani ya kujaza kilichokwisha nayo ina soko lake. Vidonge vya glukosamini na kondroitini huuzwa kama chakula cha gegedu. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka wa 2006, lenye wagonjwa 1,583, vidonge hivyo kwa ujumla havikupunguza maumivu ya goti kuliko vidonge bandia kwa kiwango cha kuaminika. Supu ya kwato na mifupa nayo husifiwa. Supu ni tamu na hatuna ugomvi nayo. Ila kolajeni ikishafika tumboni humeng'enywa kama protini nyingine yoyote, na hakuna barabara inayoipeleka nzima kutoka sufuriani hadi gotini.

Jina moja, maradhi mengi

Baridi yabisi ina kasoro nyingine ambayo pengine ni ya hatari kuliko ya ukavu: inameza mengi. Katika matumizi ya kila siku humjumuisha mzee mwenye osteoathritisi, mtu mwenye jongo, ambalo husababishwa na fuwele za asidi ya yuriki, na mwanamke wa miaka 35 ambaye kinga ya mwili wake imegeuka na kuvamia viungo vyake wenyewe. Huyu wa mwisho ndiye anayetutia wasiwasi. Ugonjwa wake una dawa zinazoweza kuuzuia usimharibu vidole, lakini zinafaa zaidi zikianzwa mapema. Akiambiwa ana baridi yabisi, kwamba ni ubaridi wa kunawia maji asubuhi, ajifunike na kujipaka mafuta ya moto, miezi inapita. Kuna ishara moja rahisi: ukakamavu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi, na vifundo vidogo vya mikono yote miwili vikivimba, si desturi ya goti la mzee, ambalo kwa kawaida hulegea baada ya muda mfupi wa kutembea. Mtu wa namna hiyo anahitaji daktari, si blanketi.

Hatupendekezi kwamba jina baridi yabisi lifutwe. Majina ya kale ni hazina, na hili limehifadhi karne nyingi za fikra. Tunachopendekeza ni kwamba pembeni yake yawekwe maneno yanayotenganisha. Gegedu tunalo, ute tunao, jongo tunalo. Neno kiungo lina mzigo mkubwa, kwa vile ni pamoja na moyo na ini, bizari na iliki, na mchezaji wa katikati uwanjani. Lakini muktadha hulisaidia. Tunachokosa ni sentensi. Mhudumu wa afya anayemweleza mgonjwa kwa Kiswahili hupata msamiati wa maji na mafuta ukiwa tayari mdomoni, na huo ndio anaoutumia. Angeweza kusema: "Gegedu lako limekatika nyuzi. Halina damu, hula unapotembea. Goti likivimba lipumzishe siku mbili, kisha rudi kutembea kidogo kidogo, na uyatie nguvu mapaja." Hamna neno gumu hapo ila moja, na hilo mgonjwa ataonyeshwa kwenye paja la kuku.

Hata hilo moja huenda lisihitajike. Wachinjaji, wapishi na wakunga wa zamani hukishika kitu hiki kila siku, na ni vigumu kuamini kwamba wamekaa bila kukipa majina. Wanachama wa chama chetu wanaotoka Lamu, Mombasa, Vanga na kwingineko pwani, na wenye lugha za mama za bara, wangeweza likizo hii kuulizia buchani na jikoni kile kifuniko cheupe cha ncha ya mfupa huitwaje, na kuyaandika majibu pamoja na mahali yalipotolewa.